Ami, bata hana kosa

Jumapili nilirekodi video ya sekunde 20 kwenye bwawa la karibu na kwangu hapa London, nikaitupia kwenye grupu la familia. Kukuziwa, yule ndege mweusi mwenye kipaji cheupe cha uso, anazama, anaibuka na furushi la majani mdomoni, na bata wa kijivu aliyekuwa akimvizia juu anamnyofolea. Nilidhani watu watacheka. Ami akatuma risala: "Ndio nyinyi vijana wa leo. Kula jasho la mwenzio."

Haya ami, shikamoo, lakini tuelewane.

Bata huyo, ambaye Waingereza humwita gadwall, si mzamiaji. Hubinuka tu, mkia juu kichwa chini, akala pale shingo inapofika. Majani ya karibu yakimalizika, mengine yako chini, na mwenye kifua cha kuyashukia ni kukuziwa. Naye hupanda na fungu kubwa kuliko mdomo wake, nusu likaelea. Nimesimama pale mpaka vidole vikafa ganzi, nikimtazama bata akiokota vilivyomwagika, na mwenye mali wala hageuki. Anavuta pumzi, anachupa tena. Wala si mnyonge: kukuziwa ni mgomvi balaa, wakigombea eneo hulaliana chali majini na kupigana mateke. Nadhani ameshapiga hesabu, kufukuzana kutamchosha kuliko kuzama mara ya pili.

Sawa, nakubali, mara nyingine bata hangoji makombo, anapokonya mdomoni kabisa. Kwenye video ndivyo ilivyokuwa, basi, ushahidi ami anao. Na kule ghuba ya Chesapeake, Marekani, yuko bata mwingine, wigeon, anayewafanyia hivyohivyo bata wazamiaji, tena bila haya.

Lakini huyo kukuziwa mnayemlilia naye hupora wenzake, na majike wengine hupenyeza mayai kwenye kiota cha jirani yalelewe bure. Walii gani huyo?

Mwizi ni kunguru wa Zanzibar aliyeninyang'anya andazi mkononi nikiwa darasa la pili, nikarudi nyumbani nalia. Ami unakumbuka, ulikuwepo. Ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa ulikuwepo: sufuria ya pilau ikiteguliwa tu, hodi. Mama hakunung'unika hata siku moja. Alikuwa akipima mchele, halafu anaongeza kopo moja.

Nimemwandikia hivyohivyo. Tiki mbili za buluu, tangu juzi.