Ukitaka kuijua shule, angalia ratiba ya darasa la kwanza

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Tanzania akiletewa mwalimu hodari, mara nyingi humpeleka darasa la saba. Anaeleweka: mtihani wa taifa uko huko, na matokeo hayo ndiyo atakayoulizwa kwenye kikao cha kata. Lakini mimi naamini hapo ndipo shule inapojiumiza.

Shule ni mfumo, ukivuta huku kunalegea kule. Michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016, watoto walifurika darasa la kwanza, idadi ya walimu ikabaki nyuma. Chukua mkondo mmoja, yaani chumba kimoja cha darasa la kwanza, wenye watoto 90, mara mbili ya kiwango cha 45 kwa mwalimu mmoja. Kipindi ni dakika 30. Hata daftari moja likisahihishwa kwa dakika moja, kazi hiyo inameza vipindi vitatu. Basi mwalimu anapiga vema harakaharaka, au anaishia madawati ya mbele. Mtoto aliyeandika "dada" akikusudia "baba" haonyeshwi kwamba tumbo la herufi limegeukia upande mwingine. Kesho anarudia, na baada ya mwezi mkono umeshazoea.

Kosa hilo linajificha mpaka darasa la nne, pale anaposhindwa swali la hesabu kwa sababu hakuweza kulisoma. Shule inajibu kwa kambi za kujiandaa na mtihani na vipindi vya jioni vya darasa la saba, walimu wazuri wanazidi kuvutwa juu, na huku chini pengo linazalisha watakaohitaji kambi miaka ijayo.

Mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia masomo na ratiba ya shule, anaweza kuukata mzunguko huu bila kusubiri ajira mpya. Ampange mwalimu bora wa kusoma darasa la kwanza, na asimhamishe katikati ya mwaka. Mwishoni mwa Machi kila mtoto asome peke yake irabu, silabi 10 na maneno 5: dakika mbili zinatosha. Watoto 90 ni saa tatu, yaani nusu saa kwa siku sita. Kisha kipindi kimoja kila siku wafundishwe kwa makundi, kila mmoja kuanzia pale alipokwama.

Mpango huu huharibika pale upimaji unapogeuzwa mashindano. Watoto wanapangwa wa 1 hadi wa 90, orodha inabandikwa ukutani, na hakuna anayejua kwamba wa 63 anasoma "ma" vizuri ila hajawahi kuiweza "mba".