Goti, Nywele na Uzima Vinavyouzwa kwa Jina la Seli Shina

Mwaka 2017 Arnold Caplan, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve nchini Marekani, aliwaandikia wanasayansi wenzake akiwaomba waliache jina ambalo yeye mwenyewe alilieneza tangu 1991: seli shina za mesenkaima. Seli shina ni seli mama zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine; hizi za mesenkaima hupatikana katika uloto (uboho ulio ndani ya mifupa), katika mafuta ya mwili na katika kiungamwana (mrija unaomuunganisha mtoto na mama tumboni), na ndizo zinazotajwa mara nyingi na kliniki zinazotangaza tiba ya magoti yanayosagika, nywele zinazonyonyoka na uchovu wa mwili. Caplan alieleza kwamba seli hizo zikidungwa mwilini hazigeuki kuwa gegedu jipya (mto laini unaokinga mifupa kwenye kiungo) wala mfupa mpya, isipokuwa hutoa kemikali zinazoziamsha seli za mahali pale zijirekebishe zenyewe, na kwamba jina la zamani linamfanya mgonjwa aamini jambo ambalo halitokei.

Ninaanza na ombi hilo kwa sababu ubishi kuhusu tiba hizi huendeshwa kana kwamba seli shina ni dawa moja, inayofaa au isiyofaa. Jina lenyewe lina heshima iliyopatikana kihalali. E. Donnall Thomas alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi ya kupandikiza uloto, tiba ambayo imewaokoa wagonjwa wengi wa saratani ya damu, na siku hizi Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma huwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Hapo seli hufanya kile hasa ambacho jina linaahidi, kwa kuwa hutulia ndani ya mifupa ya mpokeaji na kuzalisha damu mpya kwa miaka mingi. Mtu anayelikuta neno hilohilo katika tangazo la goti hana namna ya kujua kwamba anaelezwa habari za seli nyingine, zenye kazi nyingine, ambazo ushahidi wake haujafika huko.

Goti ndilo suala gumu, na wanaoitetea tiba wana hoja za kusikilizwa. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likilika halijirudishi kama ngozi iliyochubuka. Dawa za maumivu zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuumiza tumbo na figo, sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza kwa wiki kadhaa kisha maumivu hurudi, na goti bandia ni upasuaji wa gharama ambao madaktari hawapendi kumfanyia mtu wa miaka 45, kwani huenda likachakaa angali hai na kuhitaji kubadilishwa. Mtu aliyeko katikati, ambaye hawezi kupanda ngazi wala kukaa chini kwa muda na bado hajafikia kupasuliwa, ana haki ya kuuliza kama kuna kitu kingine. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2012 bidhaa ya seli kutoka damu ya kiungamwana, ambayo daktari huipandikiza kwa upasuaji mahali gegedu lilipoharibika.

Wagonjwa wengi waliodungwa husema wamepata nafuu, nami sioni sababu ya kutowaamini. Ugumu ni kwamba maumivu ya goti hupanda na kushuka, na mtu huamua kwenda kliniki katika siku zake mbaya kuliko zote, ambapo hata asipotibiwa huenda wiki chache baadaye akawa afadhali. Zaidi ya hayo, sindano ya maji ya chumvi ndani ya goti huwapa nafuu wagonjwa si haba. Ndiyo maana ulinganisho ni wa lazima. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la Marekani lililowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa zaidi ya 400: wengine walidungwa seli za uloto wao wenyewe, wengine seli za mafuta yao, wengine seli za kiungamwana kutoka kwa mtoaji, na waliobaki sindano ya kawaida ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote yalikuwa na nafuu, na hakuna aina ya seli iliyoishinda steroidi, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya seli.

Mapitio ya mwaka 2025 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 25 yenye washiriki 1,341, na kuona kwamba sindano za seli huenda zikapunguza maumivu na kuboresha utembeaji kwa kiasi kidogo zikilinganishwa na sindano isiyo na dawa, ingawa uhakika wa matokeo hayo ni mdogo. Kwa hiyo wapinzani wanaosema kwamba hakuna ushahidi wowote wanakosea, na kosa lao lina madhara, kwa sababu mgonjwa akigundua kwamba walitia chumvi hatawasikiliza hata watakapomwonya juu ya hatari ya kweli. Ninachokiona katika tafiti hizi ni mlango uliofunguka kidogo, ambao unastahili utafiti zaidi, lakini haumpi mtu yeyote ruhusa ya kutoza maelfu ya dola huku akiahidi gegedu jipya.

Kwa upande wa nywele, biolojia inavutia kuliko tiba yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha mwaka 2011 kwamba ngozi ya kichwa chenye upara wa kurithi bado ina idadi ileile ya seli shina za nywele kama sehemu yenye nywele. Zilizopungua ni seli za hatua inayofuata, zile zinazozaliwa na seli shina na kuujenga unywele. Shina lipo, ila halichipui. Ugunduzi huo unatia moyo kwa sababu unaonyesha kwamba hali huenda ikageuzwa siku moja, na papo hapo unalitilia shaka tangazo linaloahidi kuongeza seli shina kichwani, kwani hazikuwa zimepungua. Dawa za minoxidil na finasteride zimeidhinishwa kwa upara wa kurithi tangu karne iliyopita. Matokeo yake ni ya wastani, lakini yamepimwa. Wapo pia wanawake wengi wa kwetu ambao nywele za pembezoni mwa paji la uso zimetoweka kwa miaka ya kusukwa kwa kukazwa. Kinyweleo kikishageuka kovu hakirudi kwa dawa ya kupaka, na mwezi unaopotea ukisubiri sindano ya ajabu ungetumika vizuri zaidi kwa kulegeza msuko na kumwona daktari wa ngozi mapema.

Kuhusu dripu za seli za kuongeza nguvu na kurudisha ujana, sina mengi ya kupima. Seli za aina hii zikiingizwa kwenye mshipa wa mkono, nyingi hunasa katika mishipa midogo ya mapafu na kutoweka baada ya siku chache. Pakiti za unga zinazodaiwa kuwa na seli shina za tufaha au zabibu ni chakula tu, na tumbo huzisaga kama linavyosaga tufaha.

Hoja ya uhuru ndiyo inayobaki, na ni nzito. Seli ni zangu, goti ni langu, fedha ni zangu, kwa nini serikali inizuie? Jimbo la Florida liliikubali kwa kiasi mwaka 2025, kwa sheria inayowaruhusu madaktari kutumia tiba za seli ambazo hazijaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kwa ajili ya viungo, vidonda na maumivu, mradi mgonjwa aarifiwe kwa maandishi. Ni jimbo hilohilo ambalo mwaka 2015 wanawake watatu waliokuwa na ugonjwa wa retina walidungwa machoni seli kutoka mafuta ya miili yao wenyewe, macho yote mawili siku moja, kila mmoja akilipa dola 5,000, nao wakapoteza uwezo wa kuona. Angalau mmoja wao aliamini kwamba anashiriki utafiti rasmi. Seli zilikuwa zao, na saini zilikuwa zao. Ninaiheshimu hoja ya uhuru, lakini uchaguzi wa mtu una uhuru kwa kadiri ya kile alichoambiwa, na mwenye kliniki anayelipwa kabla ya matokeo hana haraka ya kuyajua matokeo hayo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba majaribio ya kisayansi huwacheleweshea wagonjwa tiba bila sababu. Kwa kawaida katika jaribio la kweli mgonjwa halipii kinachojaribiwa, na madhara yake huandikwa. Desemba 2024 FDA iliidhinisha kwa mara ya kwanza dawa ya seli za mesenkaima, kwa watoto wanaoshambuliwa na seli za mtoaji baada ya kupandikizwa uloto. Njia hiyo ni ndefu, lakini inapitika. Kliniki ambazo zimedunga magoti kwa zaidi ya miaka kumi zingeweza kuwa zimeshatujibu swali la goti, kama zingewalinganisha wagonjwa wao na wengine na kuyachapisha matokeo, mazuri na mabaya.

Kwa wagonjwa wetu wanaosafiri kutibiwa ng'ambo, ukosefu huo wa kumbukumbu huwafuata hadi nyumbani. Wamarekani watatu waliodungwa seli nchini Mexico mwaka 2022 walirudi na maambukizi ya Mycobacterium abscessus, bakteria sugu kwa dawa nyingi anayehitaji matibabu ya miezi, na madaktari wao walikuwa na maabara za kumtambua. Daktari wa hospitali ya mkoa anayeletewa goti lililovimba, bila karatasi inayoonyesha ni seli za nani zilizodungwa, ziliandaliwa wapi na ziliwekwa ndani ya kimiminika gani, analazimika kuanza kwa kubahatisha.