Mshahara kwanza, semina baadaye

Vita ikifika mjini, wakuu wengi wa hospitali na taasisi nyingine huwaitia wafanyakazi semina ya msongo wa mawazo. Kwa maoni yangu hapo si pa kuanzia. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Swali la mfanyakazi likawa moja: mshahara wangu utanifikia kwa njia gani?

Fedha iliyo kwenye akaunti isiyo na tawi lililo wazi haijawa mshahara bado. Wakala wa pesa za simu naye huishiwa noti, au hupandisha kamisheni, na watu wakalazimika kuvuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta pesa taslimu. Njia ya pili ya malipo huandaliwa mapema, wakati bado kuna utulivu. Kusanya namba za simu, kisha hakikisha jina lililosajiliwa kwenye laini ndilo lililo kwenye mkataba; laini ikiwa kwa jina la mume au la dada, malipo hukwama hapo. Ada ya kutolea ailipe mwajiri. Na msiwalipe wote siku moja: wakala wa mtaani hana noti za kutosha hospitali nzima.

Baada ya fedha, usalama wa njiani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa kazini kwa sababu ya msingi ya kuhofia hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe. Kwenye karatasi ni sawa. Lakini nesi wa zamu ya usiku anayesikia risasi saa moja jioni amuulize nani, ikiwa mkuu wake hapokei simu? Kila idara iwe na mwamuzi mmoja na msaidizi wake, na ujumbe utoke kabla watu hawajaondoka nyumbani: zamu ipi, njia ipi, mpaka lini. Ujumbe usipofika, mtu abaki nyumbani na siku yake ilipwe. Bila sentensi hiyo ya mwisho, maskini ndiye atakayetoka, kwa kuogopa kukatwa. Zamu nazo zibadilishwe mchana, asiwepo wa kutembea gizani. Zikirefushwa kwa sababu hiyo, pawe na chakula, kitanda, na mapumziko ya kweli kesho yake.

Malengo ya kazi ndiyo huharibu uaminifu kimyakimya. Kituo ambacho nusu ya kata imekimbia kikidaiwa idadi ileile ya watoto waliochanjwa, kitaleta takwimu za kupikwa, na anayezipika huanza kuidharau kazi yake mwenyewe. Punguzeni malengo kwa maandishi, mbakize yasiyongoja: uzazi, majeruhi, dawa za wagonjwa wa kudumu.

Msaada wa kisaikolojia una nafasi yake, ila si kuwakalisha watu kwenye duara siku ya pili ya mapigano wasimulie walichokiona. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo. Linapendekeza huduma ya kwanza ya kisaikolojia: kuangalia mtu anahitaji nini, kumsikiliza bila kumlazimisha aseme, na kumuunganisha na familia, chakula au matibabu.

Jambo moja linaniuma zaidi. Mfanyakazi mgeni huhamishwa kwa gari la ofisi, mwenyeji huachiwa funguo. Nani atahamishwa, na familia yake itakwenda naye au la, iandikwe kwenye mkataba siku ya kuajiriwa, mtu ajue anasaini nini.