Darubini ni ya NASA, zamu ni ya nani?

Mpwa wangu anafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara. Juzi tukisubiri pweza aive pale Shangani akanitupia swali: "Mjomba, NASA wana hela zote zile, wanashindwaje kuajiri watu wao waiendeshe Webb, ile darubini ya angani, mpaka waingie mkataba na watu wa nje?" Nikamjibu kuwa wazungu wanapenda mikataba. Jibu bovu, na pweza alipofika tukaliacha hapo. Sasa nalirudia kwa utulivu.

Hubble, darubini ya angani iliyoitangulia, na Webb ni miradi ya NASA ikishirikiana na shirika la anga la Ulaya, na kwa Webb la Kanada pia. Lakini nani aelekezewe darubini, lini, kwa saa ngapi, huamuliwa mjini Baltimore, kwenye Space Telescope Science Institute. Hiyo si ofisi ya serikali. Inaendeshwa kwa mkataba na AURA, umoja wa vyuo vikuu usiotafuta faida, tangu mwaka 1981, miaka tisa kabla Hubble haijarushwa. Chandra, darubini ya eksirei, iko mikononi mwa taasisi ya Smithsonian kule Cambridge, Massachusetts. Spitzer, mpaka ilipozimwa mwaka 2020, ilihudumiwa na chuo kikuu cha Caltech.

Na kazi yenyewe si kubonyeza vitufe. Mwaka 2024 Webb ilipokea maombi zaidi ya 2,300 kwa awamu moja, yakidai saa kama 78,000. Mwaka mzima una saa 8,760. Kwa hiyo kuna mtu lazima aseme hapana kwa waombaji wengi, tena aiseme vizuri kiasi kwamba aliyenyimwa arudi mwakani bila kinyongo. Akimaliza hapo, kuna kupanga ratiba, kusawazisha vipimo vya vyombo, kusafisha data, na kuiweka ghalani ili mtu mwingine aitumie miaka 20 baadaye.

Anayesema NASA ifanye yenyewe ana hoja, na sisi wa huku tunaijua vizuri kuliko anavyodhani. Tumeona madarasa yakijengwa kwa fosi akaunti: kamati ya shule inanunua saruji, fundi wa mtaani anapandisha ukuta, faida ya mkandarasi inabaki kwenye bati. Ikisimamiwa, inaokoa hela. Lakini hoja yenye uzito zaidi kwangu si ya hela, ni ya macho. Mwenye mali akizoea kufanyiwa, baada ya muda hawezi hata kukagua alichofanyiwa.

Kioo cha Hubble ndicho shahidi. Kilisuguliwa na kampuni kwa mkataba, kwa ustadi mkubwa mno, kwa kufuata kipimo kibovu. Lenzi moja ndani ya kifaa cha kupimia ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Kingo za kioo zikatoka bapa kupita kiasi kwa kama maikromita 2, unene usiofika hata sehemu ya ishirini ya unywele. Vipimo vingine, vya kawaida zaidi, vilionyesha kuna kasoro. Vikapuuzwa kwa sababu eti kile kibovu ndicho kilichokuwa cha kisasa. Uchunguzi wa mwaka 1990 haukuishia kwa kampuni. Ulisema pia kwamba usimamizi wa NASA ulilala. Wanaanga walipanda kuirekebisha Desemba 1993, na dunia ikapata picha zilizotulia. Najua, kusugua kioo si kuendesha darubini. Lakini ugonjwa ni uleule: umemkabidhi mwenzako rula, na wewe huna yako.

Upande wa pili una historia yake. Miaka ya 1970 kituo cha NASA cha Goddard kilitaka kazi ya sayansi ya Hubble ibaki kwake. Wanajimu, yaani wanasayansi wa nyota, wakakataa. Waliogopa kwamba wahandisi wa serikali wangeihesabu darubini kuwa imefanikiwa ilimradi haijaharibika, iwe imegundua kitu au haijagundua. Mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Donald Hornig ikapendekeza taasisi huru itakayosimamiwa na wanasayansi wenyewe. NASA ikakubali kwa shingo upande: Goddard ikabaki na usukani wa chombo, taasisi ikachukua sayansi. Kwenye Webb mkataba ukasogea mbele zaidi, hata chumba cha kuongozea chombo kikawekwa Baltimore.

Uhuru huo ulizaa nini? Desemba 1995 mkurugenzi wa taasisi, Robert Williams, alichukua muda ulio chini ya hiari yake na kuielekeza Hubble kwa siku kumi kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu. Wakubwa wa fani walimwonya kwamba atapoteza muda wa darubini ambayo juzi tu ilikuwa kichekesho. Zikatoka galaksi kama 3,000, na data ikatolewa kwa wote papo hapo. Nimejaribu kumfikiria ofisa wa serikali akiomba kibali cha kupiga picha gizani siku kumi, akipeleka faili kwa mkuu wake wa idara. Simwoni akirudi na muhuri.

Mwaka 2018 taasisi hiyohiyo ilianza kuyapima maombi ya Hubble bila majina ya waombaji. Mwaka huo wanawake wakafaulu kwa kiwango kinachozidi kidogo cha wanaume, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka mingi. Serikali ingeweza kufanya hivyo? Ingeweza. Ila walioanza ni wale wanaoishi na maombi hayo kila siku.

Mpaka hapa mimi niko upande wa mkataba. Shida yangu inaanzia mkataba unapofika mwisho wake.

Sheria za manunuzi, za Marekani kama za kwetu, zinapenda ushindani, na zina sababu. Mwenye kazi asiyeogopa kuipoteza hulegea, hupandisha gharama, huwa na majibu ya mkato. Kila miaka kadhaa tangaza zabuni, waje wengine. Kwa dawati na viti nakubali kabisa, waingie kwenye NeST, mfumo wetu wa manunuzi ya serikali mtandaoni, washindane. Kwa kazi ya kuilea darubini nasita, na kilichonifanya nisite nilikiona kwenye korosho.

Msimu mmoja nilikuwa nasaidia kwenye ghala moja, nisilitaje. Mwendeshaji alibadilishwa, zabuni ilikuwa halali kabisa, mpya alitaja bei nafuu. Makabidhiano yakafanyika siku moja: mizani, funguo, madaftari, kipima unyevu, sahihi. Ambacho hakikuandikwa popote ni kwamba mizani ya pili, ukiiwasha asubuhi, ilisoma pungufu mpaka ipate joto. Karani wa zamani, mzee mmoja wa Newala, alikuwa na chuma chake cha kilo 20. Kila alfajiri alikiweka kwanza, akasubiri namba itulie, ndipo akaita gunia la kwanza. Alipoondoka, akaondoka na chuma chake, kwa kuwa kilikuwa chake kweli. Wiki ya kwanza wakulima wakalalamika, karani mpya akawaonyesha cheti cha mizani. Cheti kilikuwa halisi, na kilo zilikuwa pungufu.

Darubini imejaa mizani za namna hiyo. Kuna nukta za kigunduzi zinazowaka bila nyota. Kuna chombo kinachotaka kutulia kabla ya kuaminiwa. Kuna nyota fulani zinazofanya kazi ya kile chuma cha kilo 20, mng'ao wao unajulikana na wengine wote hupimwa kwao. Sehemu kubwa imeandikwa. Iliyobaki iko vichwani mwa watu waliokaa miaka 15 kwenye kiti kimoja, na hao hawahamishwi kwa hati ya makabidhiano. Tena si lazima uwapoteze kwa zabuni, hata bajeti inatosha. Machi 2024 ilipopendekezwa Chandra ishushwe kutoka dola milioni 68 hivi hadi milioni 41, wanajimu walilia kwanza juu ya timu, maana chombo chenyewe kilikuwa bado kizima.

Kwa hiyo mpwa wangu, msimamo wangu ni huu, na najua una makovu. Mwendeshaji aongezewe muda bila zabuni ya mara kwa mara, lakini asiachwe peke yake na rula. NASA ibaki na watu wake wachache wanaojua kusawazisha vipimo kwa mikono yao, wenye chuma chao cha kilo 20. Watumiaji wa darubini wawe na kamati yenye meno. Gharama ziwe wazi. Ndiyo, hii ni kumlipa mtu na kumlipa anayemwangalia, na mhasibu yeyote atakuuliza kwa nini. Mwonyeshe picha za Hubble za mwaka 1990.

Kuna kifungu kimoja ambacho kwangu kinazidi vyote, nacho ni cha ghala la data. Sisi wa Kusini tunajua sayansi inayoondoka. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, huko Lindi. Wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka pwani, ikapanda meli, na leo mnyama wa mita 13 kwenda juu amesimama Berlin. Boheti bin Amrani, aliyewasimamia wachimbaji na kuijua mifupa kuliko wengi waliopata shahada kwayo, alisubiri mpaka mwaka 2007 jina lake liwekwe kwenye dinosaria mmoja, Australodocus bohetii. Kuiona mifupa yenyewe, kata tiketi ya ndege.

Data ya Hubble na Webb haihitaji tiketi. Muda ambao mtafiti huachiwa data peke yake ukiisha, kwa kawaida usiozidi mwaka, faili zinafunguliwa kwa yeyote. Nilimtumia mpwa wangu kiungo usiku uleule. Akanipigia saa nne, bando limekata katikati ya faili, anauliza kama nina hela kwenye simu.