Mazingira Yanaanzia Kwenye Sufuria ya Maharage

Kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, simu zetu hujaa picha za viongozi wakipanda miche. Sina ugomvi na miche. Ila ukitaka kujua nyumba ya Dar es Salaam inayatendeaje mazingira, pita jikoni. Maharage yapo motoni tangu asubuhi, sufuria haina mfuniko, na mkaa unazidi kuongezwa.

Mkaa huo umeshakula miti mingi kabla haujafika mtaani. Kwenye tanuri la udongo huko porini, kilo kumi za kuni hutoa kilo moja au mbili tu za mkaa. Kwa hiyo kila kopo la mkaa unaloliokoa nyumbani ni kuni nyingi zaidi zilizobaki msituni.

Na kuokoa hakuhitaji semina. Loweka maharage usiku kucha. Funika sufuria. Yakishachemka, punguza moto: maji yanayotokota kwa fujo hayana joto kuliko yanayotokota taratibu. Wapo wanaoapa kwamba maharage yaliyolowekwa hayana ladha. Mimi naona wanayasingizia, maana ladha wanayoisifu ni ya kitunguu na nazi. Wali nao ukianza kukauka, epua, uuzungushie sufuria matambara au kanga kuukuu ndani ya kikapu. Utamalizika kuiva wenyewe, na moto uutumie kwa mboga.

Mwenye uwezo anunue jiko la presha la umeme. Maharage hayamalizi hata uniti moja humo, na uniti kwa wengi wetu haifiki shilingi 400. Najua imani iliyopo, kwamba umeme ni wa taa na televisheni, kupikia ni kujitafutia umaskini. Kwa lile jiko la koili linalowaka jekundu, sawa. Hili la presha limefunikwa pande zote, joto halitoki ovyo, na likishafika kiwango chake hujizima kwa muda.

Kuhusu mifuko ya plastiki sina mengi. Marufuku ya Juni 1, 2019 ilisafisha mitaro yetu, nami niliishangilia. Lakini ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, mingi ni plastiki vilevile, na tunaitupa baada ya safari moja ya sokoni. Kikapu cha ukili bado kinauzwa, tena kinabeba nazi bila kuchanika.

Kinachonikera zaidi ni jambo ambalo halimo mikononi mwa mpishi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Vizuri sana. Lakini nyumba za kupanga zimejaa wapangaji wanaochangia LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, na sharti la kwanza la mwenye nyumba ni hilihili: hakuna kupikia umeme. Jirani akisikia una jiko la presha, vita vya uniti vinaanza siku hiyohiyo, hata kama pasi yake inakula zaidi. Mama wa chumba kimoja atarudi kwenye kopo la mkaa, si kwa ujinga, bali kwa kutafuta amani. Ningeulizwa pa kuanzia, ningesema kila mpangaji apate mita yake, na gharama za kuifunga zisiangukie mfukoni mwake peke yake.