Nirudishieni Themostati Yangu

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Eldoret, kabla tu ya kufika Timboroa, boneti juu, mvuke unafuka kama sufuria ya githeri ya harusi. Ukungu ulikuwa umeshuka. Mama mmoja wa viazi akaja kuuliza kama gari limeshika moto. Dereva wa lori akanipa dumu la maji, akaitazama AE86 yangu, Toyota ya miaka ya themanini, toka taa za mbele hadi za nyuma, akasema, "Pole mkubwa. Hii ungepeleka tu makumbusho." Nikacheka, kwa sababu maji yalikuwa yake.

Nilirudi Nakuru mwendo wa kobe, hita imefunguliwa mpaka mwisho, madirisha chini, jasho linanitiririka kwenye baridi ya Mau Summit. Wenye magari ya zamani mnajua kwa nini: hita huinyang'anya injini joto.

Jumapili asubuhi nikalifungua mwenyewe. Kifuniko cha themostati, ile vali inayoamua lini maji ya injini yaende kupozwa kwenye rejeta, kina nati mbili tu. Kikatoka, nikachungulia, na ndani hamkuwa na kitu. Silikoni nyekundu pembeni, imepakwa kwa ukarimu wa mtoto aliyeachiwa kopo la bluband, basi.

Nikampigia fundi.

"Aah, hiyo tulitoa, mkubwa. Kitambo sana. Huku si Ulaya, huku hakuna theluji."

Huku hakuna theluji! Wiki nzima nimekuwa nikilala na kuamka na maneno hayo.

Sasa nisikilizeni, na wewe unayesoma hii ukiwa umekalia tairi gereji ukisubiri gari lako, msikilizishe na fundi. Themostati za Toyota za miaka ile zina vali mbili kwenye mhimili mmoja. Injini ikiwa baridi, vali kubwa imeziba njia ya kwenda rejeta, na ndogo imeacha wazi njia ya mkato, maji yanazunguka humo humo ndani hadi yapate joto. Yakifika nyuzi 82, kubwa inaanza kufunguka, na ndogo inaanza kuziba ile njia ya mkato. Haya, toa kitu chote utupe. Njia ya mkato imebaki wazi saa zote. Sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila hata kuisalimia rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata joto na kunywa petroli kama mgeni wa mwisho wa mwezi, na mlimani, pale unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, inachemka. Watu wanaitoa ili gari lisichemke! Vitabu vya ufundi vya Toyota wenyewe vinaonya kwamba ukiitoa unapunguza upoaji. Lakini nani asome kitabu na silikoni ipo?

Na si hiyo tu. Kifuniko cha rejeta nilichokikuta kilikuwa cha gari lingine, springi yake imelegea kama kamba ya nguo. Watu hudhani kazi ya kifuniko ni kuzuia maji yasimwagike. Hapa Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, na maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 94. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni karibu 91. Yaani maji ya injini yangu yenye afya kabisa, yakiwa na nyuzi tisini hivi, yalikuwa hatua moja tu toka kuchemka. Kifuniko kizuri chenye alama ya 0.9 kinashika presha, na kuchemka kunasogea mbele kwa nyuzi kama ishirini. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nimenyang'anywa. Kisha tunalaumu umri wa gari, "themanini na sita ni mzee, mwache apumzike."

Ndipo nikaanza kuhesabu vingine vilivyotolewa. Kava la feni, lile duara la plastiki linaloilazimisha feni ivute hewa kupitia rejeta, halipo. Bamba la chini la kuzuia matope, halipo. Katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, iliondoka kabla sijalinunua gari, na hiyo sote tunajua ilikoenda. Bushi za mikono ya nyuma zipo, ila zimekatwa kwa tairi la lori. Gari hili limekuwa kama nyumba ya marehemu baada ya matanga: kila aliyepita ameondoka na kijiko.

Sasa gari kama hilo unaliongezea nini? Maana ushauri ninaoupata kila nikisimama kuoshewa gari pale Section 58 ni wa kuongeza. Weka turbo. Weka injini kubwa ya 1JZ. Shusha chini, boss, likae kimbaya. Lishushwe wapi, jamani? Kati ya nyumbani kwangu na lami kuna matuta manne, na moja lilijengwa usiku na jirani mwenye hasira. Mimi nililiinua, inchi moja na nusu, na sitaki maoni ya mtu. Tairi ni 185/60 za inchi 14, pedi za breki ni nzuri kuliko pesa yangu, na hapo ndipo ninapoishia. Ekzosi kubwa kama bomba la choo, hapana. Nina watoto wanaolala.

Mzee mmoja aliniambia magari ya Safari Rally yalikuwa yakitolewa kila kitu ili yawe mepesi. Mzee wangu, kwa heshima zote: Celica za Toyota zilizoshinda mfululizo 1984, 1985 na 1986 zilikuja huku zimebeba vyuma vya kukinga ng'ombe mbele, mataa kama ya uwanja wa mpira, na mabamba ya kukinga injini chini. Madereva wake, Waldegård na Kankkunen, hawakushinda kwa gari lililopunguzwa themostati pale kituo cha petroli.

Nitakubali jambo moja, shingo upande. Themostati ikikwama ikiwa imefunga, inaunguza gasketi ya hedi ndani ya dakika chache, na fundi aliyekwama porini mwaka 1990 bila spea alifanya la maana kuitoa mteja afike nyumbani. Shida ni kwamba mteja alifika nyumbani, na hakuna aliyeirudisha. Na fundi wangu simdharau. Huweka bisibisi kwenye injini, sikio kwenye mpini, akakuambia ni vali ya silinda gani inayogonga. Gia boksi yangu aliifufua kwa vipuri vya magari matatu. Na sawa, mimi mwenyewe niliing'oa ekondisha ili gari liwe jepesi, kisha mwaka huu mwezi wa pili nikaenda Kisumu. Tuyaache hayo.

Lakini hebu niwaambie kilichonikasirisha zaidi ya themostati, kwa sababu hiki nusura kinitoe machozi. Injini hii, 4A-GE ya kwanza kwanza, ina mfumo wanaouita T-VIS. Kila silinda ina njia mbili za kuvutia hewa, na moja kati ya hizo ina kipepeo kinachoifunga ukiwa mwendo wa chini, ili hewa iingie kwa kasi. Ukifika mizunguko kama 4,350 kwa dakika, vipepeo vyote vinne vinafunguka. Vakyumu, ule mvuto wa hewa wa injini, ndiyo inayovifunga. Nilipokuwa natafuta njia za maji, nikaona kimrija chembamba cha mpira kimechomolewa na kuzibwa kwa skrubu ya mbao. Skrubu ya mbao! Miaka minne nimeendesha gari ambalo vipepeo vyake viko wazi muda wote, dhaifu likitoka Salgaa kupanda, na mimi nikisema, ah, ni hewa ya huku juu, ni nyembamba. Hewa ni nyembamba kweli, inakula karibu moja ya sita ya nguvu zile za farasi 130 zilizoandikwa Japani. Zilizobaki, za mwendo wa chini, zilikuwa zimeliwa na skrubu.

Mrija mpya ulinigharimu pesa ya chai na mandazi mawili. Jumatano alfajiri, kabla matatu hazijaamka, nikalipeleka barabara ya Subukia. Sitajifanya mshairi. Niseme tu kwamba kwenye gia ya pili, pale kona za kuteremka zinapoanza kufungamana, sindano ilipita elfu nne na sauti ikabadilika, kama mtu aliyekuwa akiimba na mkono mdomoni kisha akautoa. Nikageuza chini kule, nikarudi juu, nikateremka tena. Mara tatu. Mchungaji mmoja wa mbuzi alidhani nimepotea.

AE86 ya mwisho ilitoka kiwandani 1987, na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Zilizopo ndizo hizi. Kila kinachotupwa gereji kimetupwa kwenye fungu lisiloongezeka.

Themostati? Nilienda kwa fundi mwenyewe, nimejiandaa kwa maneno makali. Akasikiliza, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa Kimbo, akaumwaga juu ya gunia. Themostati. Labda thelathini, za kila kabila la gari. "Mimi hutoa," akasema, "lakini situpi." Tukachutama kama watu wanaochagua maharagwe, tukazigeuza moja moja hadi tukapata tatu zenye alama ya 82 zinazoingia. Jioni nikazifunga uzi nikazitumbukiza kwenye sufuria, mama watoto amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akiuliza kama hiyo si sufuria yake ya chapati. Mbili hazikusogea. Ya tatu ilianza kufunguka taratibu, kama jicho la mtu anayeamshwa. Kufunguka kabisa huhitaji nyuzi 95, na maji ya Nakuru huishia 94, kwa hiyo hapo nilimwamini Mjapani.

Kava la feni ndilo bado. Fundi anakumbuka lilikaa nyuma ya tangi lake la maji mwaka mzima, kisha mtu mmoja akaliomba atengenezee chombo cha kulishia kuku. Ni mtu wa Bahati, karibu na soko. Jumapili baada ya kanisa naenda Bahati.