Jina la Duka ni la Nani?

Japani kuna maduka yanayoitwa Hard Off. Mgeni anayejua Kiingereza akiliona bango husimama, hupiga picha na kuwatumia wenzake, maana kwa sikio la Mwingereza jina hilo linagusa mambo ya chumbani. Ndani hakuna cha aibu. Ni redio, kamera, magitaa na kompyuta zilizokwisha kutumika. Kwa lugha yetu, mitumba ya vyombo vya umeme. Duka la kwanza lilifunguliwa mwaka 1993, miaka mitatu baada ya Book Off, linalouza vitabu vya mitumba. Mjapani akisikia "Off" anajua ni duka la aina gani.

Wanaocheka wana hoja. Neno lina wenyewe, na ukiliazima huwezi kuwazuia wasisikie wanachosikia. Kinywaji cha maziwa kiitwacho Calpis kipo Japani tangu 1919, lakini Marekani kinauzwa kwa jina la Calpico, kwa kuwa lile la kwanza, likitamkwa haraka, linakaribia kusikika kama mkojo wa ng'ombe.

Ila angalia jina lilibadilishwa wapi. Lilibadilishwa kule lilikokwenda kutafuta wateja wapya, nyumbani halikuguswa. Ndivyo ilivyo kwa Pocari Sweat, yaani "jasho la Pocari", kinywaji kilichoanza kuuzwa 1980 ili kurudisha maji na chumvi zilizotoka mwilini kwa jasho. Mnunuzi wa Tokyo haoni jasho ndani ya chupa. Kiingereza pale kinafanya kazi ya rangi na umbo la herufi, na aliyekusudiwa kukisoma si Mwingereza.

Nasi tunayajua haya. Nairobi unaingia "hoteli" kunywa chai na chapati, na hakuna kitanda hata kimoja. Barabarani kwetu zinapita Hiace zenye maandishi ya Kijapani ubavuni, na abiria hawaulizi yanasemaje. Na mchezo wa Jenga, aliouzindua London mwaka 1983 Leslie Scott, mzaliwa wa Tanzania, umechezwa na watu wengi mno wasiojua kwamba wanatamka amri ya Kiswahili. Sijasikia Mswahili akiwadhihaki kwa hilo.

Kwa hiyo, kwa jina la duka, mimi niko upande wa mwenye duka, na kicheko cha mtalii nakiona ni uonevu mdogo.

Vibao vya umma ni jambo jingine kabisa. Beijing, kabla ya Olimpiki ya 2008, ilisahihisha vibao vingi vya Kiingereza; bustani ya makabila madogo iliwahi kuelekezwa kwa maneno "Racist Park", yaani bustani ya wabaguzi. Tarehe 1 Desemba 2017 China ilianza kutumia viwango vya taifa vya Kiingereza kwenye huduma za umma. Kibao cha namna hiyo kimewekwa kwa ajili ya mgeni peke yake, naye hana kingine cha kushika. Hospitalini, au kwenye mlango wa kutokea wakati wa moto, tafsiri mbovu inaweza kumdhuru mtu, na hapo kukosoa ni haki yake.

Hard Off halidaiwi na mgeni kitu cha namna hiyo. Akiingia atajibiwa kwa Kijapani, na bei ya gitaa imeandikwa kwa tarakimu anazozisoma.